Kutembelea Luxembourg: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudiwa na ndugu, jamaa na marafiki wanaopanga kwenda, wengi wao wakitokea Nairobi, Dar es Salaam au Kigali, na wengine wakiwa tayari wanaishi Ujerumani, Ubelgiji au Uholanzi. Yameanza na mambo ya msingi. Yaliyo nadra yako mwishoni.

## Kwanza: nchi yenyewe

Luxembourg ni nchi au ni mji?

Vyote viwili. Ni nchi huru iliyobanwa kati ya Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani, na mji mkuu wake una jina hilohilo. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,586, karibu sawa na Unguja na Pemba ukiziweka pamoja. Wakazi hawafiki laki saba, na karibu nusu yao ni raia wa kigeni, Wareno wakiongoza kwa wingi. Ni nchi ya kifalme yenye katiba. Kiti sasa kinakaliwa na Guillaume, aliyekirithi tarehe 3 Oktoba 2025 baba yake, Henri, alipong'atuka.

Kuna nini cha kuona kwenye kinchi kidogo namna hiyo?

Kingi kuliko muda ambao watu huipa. Mwaka 963 bwana mmoja aitwaye Siegfried alijipatia jabali la Bock, lililozungukwa na mto Alzette pande tatu, akajenga ngome juu yake. Aliyelishika jabali lile alishika njia, kwa hiyo kila mwenye jeshi alilitaka: Waburgundi waliuteka mji mwaka 1443, wakaja Wahispania, Wafaransa, Waaustria, kisha Waprusia. Kila mmoja aliongeza kuta za kwake, hadi mji ukapewa jina la Gibraltar ya Kaskazini. Mkataba wa London wa mwaka 1867 ukaamuru ngome ibomolewe, na kazi hiyo ilichukua miaka 16. Kilichobaki, pamoja na mji wa kale, kiliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1994.

Hayo ni ya mji mkuu peke yake. Kaskazini kuna milima ya misitu na makasri, mashariki kuna miamba na vijito, kusini mashariki mashamba ya mizabibu kando ya mto Moselle, na kusini kabisa mitambo ya zamani ya chuma iliyoitajirisha nchi kabla ya mabenki.

Siku ngapi zinatosha?

Watalii wengi hushuka kwenye basi saa nne asubuhi, wakapiga picha bondeni, wakanunua chokoleti na kuondoka saa kumi. Nionavyo mimi, huko ni kupoteza safari. Siku nne ndizo angalau: moja ya mji mkuu, moja ya kasri la Vianden, moja ya miamba ya Mullerthal, na moja ya Moselle au kasri la Clervaux. Ukiwa na wiki nzima hutachoka, hasa kama unapenda kutembea kwa miguu.

Niende mwezi gani?

Mei hadi Septemba. Mwezi Juni jua huzama karibu saa nne kasorobo usiku, kwa hiyo siku ni ndefu mno. Desemba linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, ukungu unatanda, na baadhi ya vivutio hufunga au hupunguza saa. Oktoba misitu inageuka rangi na watu wamepungua. Huo ndio mwezi ninaoupenda, ila beba koti la mvua.

Sikukuu ya taifa ni 23 Juni, na fataki hurushwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Mwishoni mwa Agosti huanza Schueberfouer, maonyesho ya bembea na vyakula ambayo chanzo chake ni gulio lililoanzishwa mwaka 1340.

## Viza na njia ya kufika

Nahitaji viza ya Luxembourg au ya Schengen?

Ni ileile. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Oman anahitaji viza ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, na akishaipata inamruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180, ikitegemea siku alizoandikiwa. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kama siku zinalingana, omba kwa nchi utakayoingia kwanza.

Watu hukwama hapa: sehemu nyingi za dunia Luxembourg haipokei maombi yenyewe, bali huwakilishwa na nchi nyingine ya Schengen, mara nyingi Ubelgiji. Tazama tovuti ya wizara ya mambo ya nje ya Luxembourg ujue ni nani anayeiwakilisha mahali ulipo kabla hujalipa chochote kwa wakala.

Viza ni shilingi ngapi, na wanataka nini?

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Kituo kinachopokea fomu huongeza ada yake. Unatakiwa kuwa na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, uthibitisho wa malazi, na kitu kinachoonyesha kwamba utarudi nyumbani: kazi, biashara, masomo au familia. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na usiyapeleke zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Mimi ningeanza miezi mitatu kabla, kwani kupata tarehe ya miadi mara nyingi ndiyo kazi kubwa.

Ninaishi Ujerumani kwa kibali cha ukaazi. Nahitaji viza nyingine?

Hapana. Kibali halali cha nchi yoyote ya Schengen pamoja na pasipoti vinatosha kwa matembezi yasiyozidi siku 90 ndani ya siku 180. Anayeishi Uingereza na pasipoti ya Kenya au Tanzania ni habari nyingine: anaomba viza, na huiombea hukohuko Uingereza.

Nafikaje kutoka Afrika Mashariki?

Ndege ya abiria ya moja kwa moja hakuna. Za mizigo zipo: Cargolux, yenye makao yake Findel, uwanja wa ndege wa Luxembourg, husafiri hadi Nairobi. Wewe na begi lako mtaunganisha Istanbul, Amsterdam, Brussels, Paris au Frankfurt.

Ukipata nauli nzuri ya Brussels au Paris, usilipie ndege ya pili. Treni ya mwendo kasi kutoka Paris hutumia saa mbili na dakika chache, na ile ya Brussels inazidi saa tatu kidogo. Anayetokea Ujerumani apitie Trier, na akiweza ashuke kwanza aone Porta Nigra, lango la Kirumi.

Ukitua Findel, tramu inaanzia hapohapo uwanjani tangu Machi 2025 na kukufikisha katikati ya mji. Kuhusu nauli yake, soma jibu linalofuata.

## Usafiri wa ndani

Ni kweli kwamba mabasi na treni ni bure? Hata kwa mgeni?

Ni kweli, na hata kwa mgeni aliyeshuka kwenye ndege saa hiyohiyo. Tangu 29 Februari 2020 treni, tramu na mabasi ya umma nchini kote hayatozi nauli. Hakuna kadi ya kugusisha, hakuna kujisajili, hakuna programu ya kupakua. Mlango ukifunguka unaingia, unakaa. Mara ya kwanza utajikuta unapapasa mifuko ukitafuta tiketi isiyokuwepo.

Vighairi ni viwili. Daraja la kwanza la treni linalipiwa, kwa hiyo angalia namba 1 iliyoandikwa kwenye behewa kabla hujaketi. Pili, bure inaishia mpakani. Ukienda kaskazini, kituo cha mwisho cha bure ni Troisvierges. Kinachofuata, Gouvy, kiko Ubelgiji. Upande wa Trier mwisho ni Wasserbillig, upande wa Metz, Ufaransa, ni Bettembourg, na upande wa Brussels ni Kleinbettingen. Ukivuka hapo bila tiketi, kondakta hana masihara.

Kwa hiyo nilale wapi?

Swali hili ndilo linaloamua bajeti yako. Hoteli za mji mkuu ni ghali, na siku za kazi hupanda zaidi kwa sababu ya watu wa mabenki na wa ofisi za Umoja wa Ulaya walioko mtaa wa Kirchberg. Ijumaa hadi Jumapili bei hushuka. Mgeni mwingi huona bei ya Jumanne, akaghairi kulala, akaamua kuja kutwa tu kutoka Trier au Metz.

Kwa kuwa usafiri ni bure, hakuna sababu ya kung'ang'ania mjini. Lala Ettelbruck, Diekirch, Echternach au Esch-sur-Alzette, kisha ingia mjini asubuhi pamoja na wafanyakazi. Ettelbruck ndiyo chaguo langu. Si mji wa kupendeza kupita kiasi, lakini treni ya mji mkuu huchukua kama nusu saa, na mabasi ya kaskazini yanaanzia hapo. Hosteli za vijana nazo ni safi, na licha ya jina hazibagui umri: ya mji mkuu iko chini kabisa ya jabali la Bock, na ya Remerschen iko jirani na Schengen.

Nina mama mwenye magoti mabovu. Ataweza?

Mji mkuu una ghorofa mbili za kimaumbile, juu uwandani na chini bondeni, lakini kuna lifti za umma zisizolipiwa. Moja inashuka kutoka uwanja wa Saint-Esprit hadi mtaa wa Grund. Nyingine, ya vioo, inashuka mita 71 hadi Pfaffenthal, na anayeogopa urefu afumbe macho, kwa maana hata sakafu ina kioo. Kutoka Pfaffenthal kigari cha reli ya mwinuko kinapanda hadi Kirchberg. Mahandaki ya Bock ni ngazi tupu na njia nyembamba. Mama apumzike juu. Vianden ni mteremko mkali kuanzia barabarani hadi kasrini.

## Mahali pa kwenda

Mahandaki ya Bock yana nini hasa?

Ni njia zilizochimbwa ndani ya mwamba ili askari, mizinga na farasi wajifiche na kupita bila kuonekana. Wahispania walianza kuchimba mwaka 1644, Waaustria wakapanua sana katika karne ya 18, hadi jumla ikafika kilomita 23. Ngome ilipobomolewa haikuwezekana kuyalipua mahandaki bila kuuangusha mji ulio juu yake, kwa hiyo kilomita 17 zimesalia. Wakati wa vita vya dunia watu 35,000 waliweza kujihifadhi humo.

Ndani kuna ubaridi hata Julai. Ukifika kwenye tundu la mzinga, chungulia: bonde lote la Alzette liko chini yako, na ghafla unaelewa kwa nini jeshi lingejiuliza mara mbili kabla ya kushambulia. Ukitoka, fuata Chemin de la Corniche, njia ya ukingoni yenye sifa ya kuwa baraza nzuri kuliko zote Ulaya. Sifa imetiwa chumvi, ila si nyingi.

Vianden inastahili siku nzima?

Inastahili. Kasri lake, lililojengwa kati ya karne ya 11 na ya 14, ni miongoni mwa makubwa magharibi mwa mto Rhine, na kisa chake kina kichekesho. Mwaka 1820 Mfalme Willem wa Kwanza wa Uholanzi, aliyekuwa pia mtawala wa Luxembourg, aliliuza. Mnunuzi akaling'oa paa, milango na mbao na kuviuza kidogokidogo kama vitu chakavu. Likabaki gofu hadi lilipokabidhiwa kwa serikali mwaka 1977 na kukarabatiwa. Unaloliona leo ni kazi ya mafundi wa karne ya 20 juu ya misingi ya zamani, na waliifanya vizuri.

Victor Hugo alikaa Vianden mwaka 1871 akiwa uhamishoni. Nyumba aliyoishi, kando ya daraja la mto Our, sasa ni makumbusho. Panda treni hadi Ettelbruck, kisha basi. Nenda mapema, kwa sababu mabasi ya watalii huanza kumimina watu kuanzia saa tano.

Mullerthal ni nini, na lazima niwe mpanda milima?

Ni eneo la miamba ya mchanga mashariki, ambalo wenyeji hulitania kwa jina la Uswisi Ndogo. Hakuna mlima wa maana. Kuna nyufa za miamba unazopita kiubavu begi likikwaruza pande zote, madaraja ya mbao, na maporomoko madogo ya Schiessentümpel yenye daraja la mawe ambalo kila mtu hulipiga picha. Njia kuu ina kilomita 112 zilizogawanywa katika mizunguko mitatu. Unachukua kipande chochote. Mvua ikinyesha mawe huteleza, kwa hiyo viatu vyenye soli ya mpira yenye meno ni lazima.

Anzia Echternach, mji ulioota kuzunguka abasia ambayo Mtakatifu Willibrord aliianzisha mwaka 698. Treni haifiki huko, ni basi tu. Ukijaliwa kuwepo Jumanne baada ya Pentekoste, utaona maandamano ya watu wakirukaruka kwa mistari, wameshikana kwa leso nyeupe, muziki uleule ukirudiwa saa baada ya saa hadi wafike kwenye kaburi la mtakatifu. UNESCO iliyatambua mwaka 2010.

Schengen ya viza ndiyo Schengen ya Luxembourg?

Ndiyo hiyo. Kijiji hicho cha wakulima wa zabibu ndicho kimepigwa mhuri kwenye pasipoti zetu. Tarehe 14 Juni 1985 wawakilishi wa Ubelgiji, Ufaransa, Uholanzi, Luxembourg na iliyokuwa Ujerumani Magharibi walikutana juu ya meli Princesse Marie-Astrid, iliyokuwa mtoni Moselle, wakasaini makubaliano ya kuondoa ukaguzi mipakani. Palichaguliwa kwa sababu mipaka ya nchi tatu inakutana hapo. Kuna makumbusho, na aliyewahi kupanga foleni ya viza atayasoma mabango yake kwa hisia ambazo mwenyeji hana.

Vuka daraja uko Perl, Ujerumani. Kejeli ya mambo ni kwamba tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, huu ukiwemo. Basi usivuke bila pasipoti mfukoni, hata kama unafuata aiskrimu tu.

Na kuhusu vita vya pili vya dunia?

Kaskazini iliumia vibaya katika mapigano ya Ardennes, Desemba 1944 hadi Januari 1945. Makumbusho ya kijeshi ya Diekirch yanaeleza vizuri, na mjini mtaa wa Hamm yako makaburi ya Wamarekani zaidi ya 5,000, Jenerali Patton akiwemo.

Kuna kitu kimoja ambacho wageni hukipita?

Clervaux. Ndani ya kasri lake jeupe kumetundikwa maonyesho ya picha *The Family of Man*: picha 503 zilizokusanywa na Edward Steichen, mzaliwa wa Luxembourg aliyekulia Marekani, na kuonyeshwa kwanza New York mwaka 1955. Ziko kwenye Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO. Angalia siku za kufungua kabla ya kwenda. Treni ni ileile ya Ettelbruck, unaendelea mbele.

## Chakula, ibada na pesa

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini?

Uliza kabla ya kuagiza, kwa sababu nyama ya nguruwe imejaa kwenye mapishi ya kienyeji. Judd mat Gaardebounen, chakula cha taifa, ni shingo ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi pamoja na maharagwe. Hata Bouneschlupp, supu ya maharagwe mabichi, mara nyingi hutiwa vipande vyake. Gromperekichelcher, mithili ya kachori bapa za viazi zilizokwaruzwa, kwa kawaida hazina nyama, ila mafuta yaliyokaangia ni jambo la kuuliza.

Nyama halali utaipata kwa Waturuki na Waarabu wa mtaa wa Gare na Esch. Migahawa ya Wareno ina samaki wa kuchoma na wali, na hapo ndipo mtu wa pwani anaposhusha pumzi. Misikiti ipo michache. Kwa mfungo au ratiba ya swala, zingatia urefu wa siku uliotajwa kwenye swali la mwezi wa kwenda.

Lugha gani?

Kiluxembourg, Kifaransa na Kijerumani ni lugha za kiserikali, na Kiingereza kinatosha mjini. Dukani anza na Kifaransa. Anayetoka Bujumbura au Bukavu yuko nyumbani.

Pesa, maji na umeme?

Pesa ni euro, na kadi inapokelewa karibu kila mahali. Maji ya bomba yananyweka, jaza chupa yako. Soketi ni za matundu mawili ya duara, kwa hiyo chaja yenye meno matatu bapa ya Kenya na Tanzania inahitaji adapta. Dharura piga 112, polisi 113.

## Mambo ya nadra

Viza yangu ni ya kuingia mara moja. Nikienda Trier kutwa, imekwisha?

Haijaisha. Ujerumani, Ufaransa na Ubelgiji ziko ndani ya Schengen, kwa hiyo hujatoka. Inakwisha ukienda London, kwa mfano, kisha ukataka kurudi. Kuhusu kubeba pasipoti, rejea swali la Schengen.

Wataniuliza alama za vidole mpakani?

Mfumo mpya wa kusajili wanaoingia na kutoka ulianza 12 Oktoba 2025. Mwenye viza alishatoa vidole wakati wa kuomba, kwa hiyo kwa kawaida hupigwa picha ya uso. Kwa kuwa siku sasa zinahesabiwa na kompyuta, kuzidisha hata moja kutaonekana.

Nimenyimwa viza. Nifanye nini?

Utapewa karatasi yenye sababu iliyowekewa alama. Isome kwanza. Una haki ya kukata rufaa kwa utaratibu wa nchi iliyoamua, na kama ni Ubelgiji iliyoiwakilisha Luxembourg, basi rufaa inakwenda Ubelgiji. Kama sababu ni upungufu wa nyaraka, mara nyingi kuomba upya na faili lililokamilika ni haraka kuliko rufaa. Ada ya kwanza hairudi.

Nina nusu siku tu kabla ya ndege.

Acha begi kubwa mahali salama, panda tramu kutoka Findel, shuka katikati ya mji, tembea hadi Corniche, teremka Grund kwa miguu na urudi juu kwa lifti. Yote hayo ni bure. Ikiwa ni Jumapili, nunua maji na mkate mapema, kwani maduka mengi hufungwa au hufungua saa chache.